UZI: Wanajuaje fuvu la Oldupai lina miaka milioni 1.84? Siyo kaboni, wakuu

Mzee wa Sakina (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Nimeendesha watalii njia ya Makuyuni, Karatu hadi Ngorongoro miaka mingi, na pale Oldupai swali halibadiliki: hili fuvu mnasema lina miaka milioni 1.84, mmejuaje? Wageni huuliza kwa adabu. Wabongo wenzangu hawaulizi, wanatoa hukumu: "Wazungu wanakisia tu." Halafu kuna wale wanaojitolea kutetea, wanasema "si wamepima kwa kaboni". Hao ndio wananiumiza zaidi, maana mbishi akienda kusoma kidogo tu anarudi kuwacheka, na ana haki.

Kaboni tuimalize kwanza ili isitusumbue. Kaboni 14 ipo hewani. Majani yanaivuta, mbuzi anakula majani, wewe unakula mbuzi pale Kwa Mromboo. Ukifa huingizi tena, na ile uliyokufa nayo inapungua kwa mwendo mmoja: kila miaka 5,730 inabaki nusu ya iliyokuwepo. Willard Libby wa Marekani alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1960 kwa kugundua matumizi yake. Kwa mkaa wa meko ya kale, mbao, mifupa ya makaburini, ni kipimo kizuri mno. Ila ukifika kwenye miaka kama 50,000 kilichobaki ni kidogo hadi hakipimiki kwa uhakika. Sasa chukua milioni 1.84, gawanya kwa 5,730. Unapata zaidi ya 320. Yaani ukate nusu, ukate nusu ya nusu, uendelee hivyo mara 320. Jaribu kwenye simu yako uone kama kuna kitu kitabaki. Mtu akikwambia Zinj (ndilo jina la mwenye fuvu hili) alipimwa kwa kaboni, hiyo ni chai.

Kinachopimwa siyo mfupa. Ni majivu ya volkano.

Mary Leakey aliliona fuvu lile tarehe 17 Julai 1959. Mumewe Louis alilikadiria kwa uzoefu, akasema linapita miaka laki sita. Mwaka 1961 wakaja wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Jack Evernden na Garniss Curtis, wakachukua majivu yaliyoshikana kuwa mwamba (wenyewe wanayaita tufu) kutoka tabaka lile lile, wakatoa jibu: milioni 1.75. Karibu mara tatu ya makadirio ya Louis! Dunia ya wasomi ilitikisika, siyo kidogo.

Walichopima ni hiki. Majivu ya volkano yana fuwele ndogo zenye potasiamu. Sehemu ndogo sana ya potasiamu yote duniani ni potasiamu 40, ambayo haitulii. Taratibu inageuka, nyingine kuwa kalisi, nyingine kuwa agoni 40. Agoni ni gesi isiyoungana na kitu chochote. Mwamba ukiwa umeyeyuka ni kama sufuria isiyo na kifuniko, gesi inatoka yote. Ukipoa na fuwele zikaganda, kifuniko kimefungwa. Kuanzia siku hiyo agoni yoyote inayozaliwa ndani inanaswa humo. Ukija leo ukapima potasiamu iliyopo na agoni iliyonaswa, na unajua mwendo wa kugeuka (nusu ya potasiamu 40 inaisha kwa takriban miaka bilioni 1.25), unapata siku ya mlipuko.

Siku ya mlipuko, siyo siku mnyama alipokufa. Hapo ndipo wengi wanapopotea, na hapo nawaachia wajuzi. Nawasilisha.

Kijana wa Kiborloni

Siti ya mbele. Leo silali.

Mangi wa Pasua

Mzee, umeeleza vizuri lakini umeruka shimo kubwa. Kama unapima mlipuko na siyo mfupa, mfupa unauunganishaje na mlipuko? Mimi nikifukia mfupa wa mbuzi leo kwenye majivu ya Lengai, kesho kutwa mtasema mbuzi wangu ana umri wa majivu?

Dokta wa Miamba

Mangi, hilo swali ndilo lenyewe, mengine ni mapambo.

Nilisoma jiolojia Mlimani, sasa niko Njiro, kazi yangu ni visima vya maji lakini Oldupai nimeitembea sana. Ukisimama pale juu wanaposimama wageni, unaona ukuta wa bonde umepangwa kwa matabaka. Chini kabisa kuna mwamba mweusi wa lava. Juu yake Tabaka la Kwanza, kisha la Pili, kisha la Tatu ambalo ni jekundu hata mtoto analiona, na kuendelea juu. Katikati ya udongo wa ziwa la kale kuna mistari ya tufu, moja juu ya nyingine. Nyingi za sehemu ya juu ya Tabaka la Kwanza zilitoka Olmoti, mlima ule ule mnaopeleka watu kuona maporomoko ya Munge.

Mfupa ukikutwa kati ya tufu mbili, huupi umri wa tufu yoyote. Unasema: huyu alikufa baada ya mlipuko wa chini na kabla ya mlipuko wa juu. Kama tufu mbili zimekaribiana kwa umri, mwanya ni mdogo na unalala usingizi. Kama zimeachana kwa miaka laki tano, basi jibu lako ni pana hivyo, na mtu mwaminifu anaandika pana hivyo. Bahati ya Oldupai ni kwamba volkano za nyanda za Ngorongoro zilikuwa hazikai kimya. Na ile 1.75 ya mwaka 1961, baada ya kupimwa upya kwa vyombo vya kisasa, imesogea hadi karibu 1.84.

Kuhusu mbuzi wako: kuna kazi inafanyika kabla ya maabara. Mtaalamu anaangalia kama udongo ulioshika mfupa ni ule ule wa tabaka, kama mistari ya tabaka imepita juu yake bila kukatika, kama kuna alama ya shimo. Ukichimba shimo unakata mistari. Mistari iliyokatwa hairudi kuungana.

Naongeza kidogo kwa aliyoeleza Mzee wa Sakina, maana mbinu imebadilika. Zamani ulipima potasiamu kwenye kipande kimoja na agoni kwenye kipande kingine, ukaomba Mungu vipande vifanane. Siku hizi wanaweka fuwele kwenye kinu cha nyuklia kwanza. Sehemu ya potasiamu ya kawaida inageuka agoni 39. Kisha fuwele moja inayeyushwa kwa leza, na agoni zote mbili zinapimwa kutoka humo humo. Faida kubwa ni kwamba unapima punje moja moja. Kama punje ishirini zinasema 1.84 na moja inasema milioni 500, unajua ile moja ni mgeni, imechotwa na mlipuko kutoka mwamba wa kale. Zamani zote zilisagwa pamoja na mgeni yule akaharibu wastani bila mtu kujua.

Mjue tunapima kitu kidogo kiasi gani: kwa miaka milioni 1.84, katika kila atomu 10,000 za potasiamu 40, takriban moja tu ndiyo imekuwa agoni. Na potasiamu 40 yenyewe ni kama moja kwa elfu kumi ya potasiamu yote. Mimi nikiona mtu anapata jibu lenye maana humo, namvulia kofia.

Mtumishi wa Soweto

Bwana asifiwe wapendwa. Nimesoma kwa utulivu wala sikuja kutukana. Nina mambo mawili.

Moja, huo mwendo wa kugeuka mnaosema haubadiliki, nani alikuwepo miaka bilioni kuusimamia? Mbili, niliwahi kusoma kwamba lava ya Hawaii, iliyotoka mwaka 1801 watu wakiiona kwa macho, ilipimwa kwa hiyo hiyo agoni ikaja na umri wa mamilioni ya miaka. Kama kipimo kinakosea pale tunapojua jibu, kwa nini nikiamini pale tusipojua?

Mangi wa Pasua

Mtumishi kapiga penyewe. Dokta njoo.

Dokta wa Miamba

Shikamoo mtumishi. Hoja ya pili naianza kwanza kwa sababu ni ya haki na ina ukweli ndani.

Ile ya Hawaii ipo, mlima Hualalai, mlipuko wa 1800 hadi 1801. Kazi ilitoka mwaka 1968. Ila waliopima hawakuwa wanapima lava. Walikuwa wanapima mawe mageni, vipande vilivyong'olewa chini kabisa ardhini na kubebwa na lava bila kuyeyuka vyote. Walitaka kujua kama vipande hivyo huja na agoni ya zamani ndani. Wakakuta ndiyo, vinakuja nayo. Yaani ni utafiti wa kuonyesha mtego uko wapi, kisha watu wakauchukua wakautangaza kama ushahidi kwamba kila kipimo ni uongo. Kwenye Oldupai ndiyo sababu unachagua fuwele safi, punje moja moja, na unatafuta mgeni kama nilivyosema juu.

Sasa jaribio la upande mwingine. Vesuvius, Italia, ulilipuka mwaka 79 na Pliny Mdogo akaandika alichokiona. Mwaka 1997 Paul Renne na wenzake wakachukua fuwele za majivu yale wakazipima kwa agoni, wakapata miaka 1,925, kukosea zaidi au pungufu 94. Umri wa kweli mwaka ule ulikuwa 1,918. Mtumishi, kumbuka saa yenyewe inahesabu kwa mabilioni. Kuipa kitu cha juzi namna hiyo ni kuionea, na bado ikatoka na tofauti ya miaka saba.

Kuhusu nani alikuwepo: huhitaji kungoja. Gramu moja ya potasiamu ina atomu nyingi kiasi kwamba kila sekunde moja atomu kadhaa za potasiamu 40 zinageuka, na chombo kinazihesabu. Ukijua idadi ya atomu na idadi zinazogeuka kwa sekunde, unajua mwendo. Wamejaribu joto, baridi, shinikizo. Mwendo wa potasiamu haujali.

Kama Mungu alitumia siku au mamilioni, hilo siyo la maabara na wala sitaligusa humu.

Mtumishi wa Soweto

Marahaba mwanangu. La Vesuvius sikuwahi kulisikia, nitalifuatilia. La mwendo bado sijaridhika, lakini nimekuelewa.

Mwalimu wa Rau

Nafundisha historia, na hapa kwenye uzi naona mnasifia kama vile mambo yalinyooka tu. Hayakunyooka. Mifano miwili, na wa kwanza unamjibu Mangi na mbuzi wake.

Mwaka 1913, enzi za Mjerumani, Hans Reck alikuta mifupa kamili ya mtu Oldupai, ndani ya Tabaka la Pili. Mtu mwenye umbo la kama sisi, ndani ya tabaka la kale mno. Reck akaamini ni wa zama za tabaka lile. Louis Leakey alipofika naye bondeni mwaka 1931 naye akakubali. Kisha udongo ulioshikamana na mifupa ukachunguzwa, na ndani yake zikakutwa chembe nyekundu. Nyekundu pale bondeni ni Tabaka la Tatu, liko juu! Chembe za juu zimefikaje chini? Kaburi. Watu wa baadaye sana walichimba, wakamzika ndugu yao, udongo wa juu ukaanguka humo. Basi, mbuzi wa Mangi alishatokea kweli, na hakuna maabara ya agoni iliyohitajika kumkamata. Ni udongo tu.

Wa pili ni wa Kenya, mashariki ya ziwa Turkana. Kuna tufu inaitwa KBS. Mwishoni mwa miaka ya 1960 maabara ya Uingereza iliipa takriban milioni 2.6. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo akaokota fuvu lililopewa namba 1470 chini ya tufu hiyo, na likatangazwa kuwa na karibu milioni 2.9. Sifa kubwa. Tatizo likawa nguruwe. Basil Cooke, bingwa wa visukuku vya nguruwe, alikuta nguruwe wa chini ya KBS wanafanana na wale wa Omo, Ethiopia, ambao tufu zao zilisema kama milioni mbili. Meno ya nguruwe hao yalibadilika haraka kizazi hadi kizazi, kwa hiyo wanatunza wakati vizuri. Ama nguruwe wa Kenya waliwahi kubadilika kabla ya wenzao wa jirani kwa zaidi ya nusu milioni ya miaka, ama maabara imekosea. Walibishana miaka, na kwa ukali. Maabara nyingine zikapima upya, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 KBS ikatulia karibu milioni 1.88. Nguruwe walikuwa sahihi.

Wanafunzi wangu huwa wanacheka wakisikia fizikia imeshindwa na nguruwe. Mimi nawaambia angalieni aliyekosolewa na aliyemkosoa wote walikuwa wanasayansi.

Mzee wa Sakina (mleta mada)

Mwalimu, hiyo ya nguruwe naibeba kesho safarini, sikuachii.

Niongeze saa ya tatu ambayo watu wa Arusha tungeitangaza zaidi. Dira leo inaonyesha kaskazini. Kuna zama zilizopita sumaku ya dunia ilikuwa kinyume, dira ingeonyesha kusini. Lava ikipoa, chembe zake za chuma zinalala kufuata sumaku ya siku hiyo na kubaki hivyo. Lava ya chini Oldupai ilipopimwa miaka ya 1960 ikakutwa na sumaku ya mwelekeo kama wa leo, katikati ya kipindi kirefu ambacho dunia nzima ilikuwa kinyume. Kipindi hicho kifupi, tangu takriban milioni 1.95 hadi 1.78, kinaitwa Olduvai hadi leo. Mtu akitoa tope chini ya bahari ya Atlantiki na kusoma sumaku yake, anakutana na jina la bonde letu. Na Zinj kwa 1.84 anakaa ndani ya kipindi hicho, bila kuuliza agoni ya tufu iliyo juu yake.

Mwanaapolo Mstaafu

Wakubwa, mimi wa Mererani. Swali la mtu wa shimoni: kusikokuwa na volkano mnafanyaje? Lindi kule kuna mijusi mikubwa (dinosaria), wanasema miaka milioni 150. Kuna majivu?

Dokta wa Miamba

Tendaguru hiyo. Wajerumani walichimba 1909 hadi 1913 wakabeba, na mmoja wa mijusi hiyo, Giraffatitan, amesimama Berlin, makumbusho ya elimu ya viumbe, marefu yake ni ya kutisha. Pale majivu mazuri ya kupima hakuna kama huku kwetu. Ila bahari ilikuwa inaingia na kutoka, kwa hiyo katikati ya matabaka ya mijusi kuna matabaka ya bahari yenye amonaiti, viumbe wa gamba la kujikunja. Aina za amonaiti zilidumu muda mfupi na kusambaa mbali. Ukikuta aina ile ile nchi nyingine, mahali penye majivu yanayopimika, umepata daraja. Ni njia ya kuzunguka, jibu lake pana kuliko la Oldupai.

Kwa miamba ya zamani hivyo wanapenda zirkoni. Fuwele ngumu kweli, inaingiza urani wakati wa kuganda na kuikataa risasi (ile metali, siyo ya bunduki). Urani inageuka risasi kwa saa mbili tofauti ndani ya punje moja: urani 238 nusu yake kwa miaka bilioni 4.47, urani 235 kwa milioni 704. Zikikubaliana, vizuri. Zisipokubaliana, punje yenyewe inakuambia ilisumbuliwa. Hakuna saa naiheshimu kama hiyo.

Kijana wa Kiborloni

Na zile nyayo za kale za Laetoli, kusini mwa Oldupai?

Dokta wa Miamba

Rahisi kuliko zote. Nyayo ziko juu ya majivu yenyewe, yalinyeshewa yakaganda, kisha majivu mengine yakafunika. Mtu alipita kabla hayajakauka. Hapo siku ya mlipuko na siku ya kupita ni karibu kitu kimoja. Milioni 3.66.

Nasieku wa Engare Sero

Jamani mmesahau kwetu. Kusini mwa Natron, chini ya Lengai, kuna nyayo za watu zaidi ya 400 kwenye majivu. Wazee wetu walizijua kabla watafiti hawajaja. Wageni wakiniuliza umri nasema kama ilivyoandikwa: kati ya miaka 5,760 na 19,100. Wanacheka! Laetoli ni milioni tatu na bado mna jibu moja, hizi za juzi mna mwanya wa miaka elfu kumi na tatu. Kwa nini?

Dokta wa Miamba

Yeyoo, wageni wako wanacheka kwa sababu wanadhani cha karibu ndicho rahisi. Majivu yale yalisombwa na maji kabla ya kutulia, kwa hiyo fuwele zake zimechanganyika, nyingine ni za milipuko iliyotangulia. Ukipima fuwele kongwe unapata umri wa fuwele, na nyayo haziwezi kuwa na umri mkubwa kuliko fuwele changa kabisa zilizomo. Hiyo 19,100 ndiyo dari, nayo ina kukosea kwa miaka kama 3,100 kila upande. 5,760 ndiyo sakafu, yaani nyayo si changa kuliko hapo. Na kwa agoni, miaka elfu kumi ni muda mdogo mno, gesi iliyonaswa ni kidogo sana. Laetoli ina mamilioni, gesi imejaa. Ukikosea miaka elfu kumi kule unagusa tarakimu ya mwisho tu.

Kwa hiyo endelea kuwaambia mwanya wote kama ulivyo. Na mtu akikushauri useme "tuseme elfu kumi na mbili hivi", mkatalie. Katikati ya dari na sakafu hakuna aliyepapima.